Darasa la Yoga ya Joto kwa Anayeanza: Chumba, Mwalimu na Manufaa Yake

Yoga ya joto ni huduma inayostahili kupimwa kwa swali ambalo matangazo yake mengi hayaligusi: mtu asiyewahi kufanya yoga anapata nini ndani ya chumba chenye joto kali ambacho hangekipata katika chumba cha kawaida? Nimehudhuria madarasa haya kwa muda wa kutosha kuwa na jibu langu, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya manufaa hutokana na yoga yenyewe, ilhali joto lina kazi nyingine, ya kumlazimisha mgeni apunguze kasi na kuifuata pumzi yake tangu siku ya kwanza. Kwa mtu mwenye afya njema ninaipendekeza huduma hii kwa dhati. Wapo ambao haiwafai kabisa, na studio isiyowaambia hivyo waziwazi haistahili fedha zao.

Darasa la mtindo uliotangulia mingine hudumu dakika 90, katika chumba kilichopashwa joto hadi takriban nyuzi joto 40 za Selsiasi, huku unyevu wa hewa ukidhibitiwa karibu na asilimia 40. Ndani ya muda huo hufanywa mikao 26 na mazoezi 2 ya kupumua, kwa mfuatano usiobadilika, na takriban kila mkao hurudiwa mara mbili. Mfuatano huu ulienezwa na Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata aliyehamia Marekani katika miaka ya 1970, na chimbuko lake ni mafundisho ya Bishnu Charan Ghosh, mwalimu wa yoga na wa mazoezi ya kujenga mwili wa mji huohuo. Choudhury alidai kuwa mfuatano huo ni mali yake kisheria, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kwamba hauwezi kulindwa kwa hakimiliki. Tuhuma za unyanyasaji wa kingono zilizomwandama zilizifanya studio nyingi ziachane na jina lake, na leo darasa lilelile hutangazwa kama 26 na 2, au kwa jina la jumla la yoga ya joto. Anayeanza ana haki ya kuyajua haya kabla ya kujiandikisha, na ana haki pia ya kulichukua zoezi bila kumtukuza aliyelieneza.

Sifa ya kwanza ya darasa hili kwa mgeni ni huko kutobadilika kwake. Katika madarasa mengi ya yoga mwalimu hubuni mfuatano mpya kila siku, na mgeni hutumia nusu ya nguvu zake kuchungulia jirani anafanya nini. Hapa mwalimu kwa kawaida hafanyi mikao mwenyewe. Husimama mbele au hupita kati ya mikeka akiongoza kwa maneno: mguu uende wapi, bega lishuke kiasi gani, lini pumzi ivutwe na lini itolewe. Ukuta wa mbele ni kioo kitupu, na mgeni anatakiwa kujitazama mwenyewe badala ya kumtazama mwenzake. Kwa kuwa kila kikao kinafanana na kilichotangulia, mtu huona bila kuambiwa na yeyote kwamba goti lililokuwa likitetemeka limetulia, au kwamba mkono uliokuwa haufiki kwenye kisigino sasa unafika. Sijui mpango mwingine wa mazoezi unaompa anayeanza kipimo cha wazi namna hii.

Kuhusu joto lenyewe, nalo ndilo linalowaogofya wengi, ukweli ni kwamba linamwelemea mtu mara tu anapoingia. Hewa ni nzito, na jasho huanza kutoka kabla ya mkao wowote. Zoezi la kwanza la kupumua hufanywa kwa kusimama, vidole vya mikono miwili vikiwa vimefumbatana chini ya kidevu. Viwiko hupanda wakati pumzi inavutwa polepole kwa pua, na kichwa huinamia nyuma wakati pumzi inatolewa kwa mdomo. Ni zoezi jepesi kulitazama, lakini ndilo linaloamua kikao kizima kitakwendaje. Anayelipuuza na kuendelea kupumua kwa pupa atajikuta amechoka mapema, na anayelifuata kwa utulivu atagundua kwamba joto lilelile lililomtisha linaanza kuvumilika. Hapo ndipo ninapoona thamani ya joto. Katika chumba cha kawaida mgeni anaweza kufanya mikao yote huku akili yake iko kwenye deni, kazini au kwenye ugomvi wa asubuhi; katika chumba hiki hawezi, kwa sababu mara pumzi inapovurugika mwili humwarifu papo hapo.

Yanayotokea mwilini yanaeleweka vizuri, na inafaa mgeni ayajue ili asitishike. Ili kujipoza, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi, mishipa ya damu hutanuka na shinikizo la damu huweza kushuka. Moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi ili damu iitoshe ngozi na misuli kwa pamoja, na ndiyo maana mapigo hupanda hata wakati mtu amesimama tu. Mtu anapoinama kwa muda kisha akainuka ghafla, damu hushindwa kufika kichwani kwa wakati, naye hupata kizunguzungu. Dawa yake ni kuinuka taratibu na, hali ikiendelea, kukaa kitako au kulala juu ya mkeka hadi kichwa kitulie. Mazoea huja haraka kuliko watu wanavyodhani: kwa anayehudhuria mfululizo, katika wiki moja au mbili kiasi cha maji katika damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na chumvi inayopotea nalo hupungua, hivyo moyo hupata nafuu. Kwa sababu hii sipendi mtu alihukumu darasa hili kwa kikao chake cha kwanza peke yake. Kikao cha kwanza huonyesha ugeni wa mwili, na ugeni huo una mwisho.

Nusu ya kwanza hufanywa kwa kusimama, na ndiyo ngumu. Mkao wa nusu mwezi hunyoosha ubavu wote kuanzia nyonga hadi ncha za vidole. Mkao wa tai hukunjanisha miguu na mikono kiasi kwamba mtu huhisi kila kiungo kikubwa cha mwili wake. Halafu hufuata mikao ya kusimama kwa mguu mmoja, ambako wageni wengi hukata tamaa bila sababu. Katika mmojawapo mtu hutakiwa kuushika wayo kwa mikono miwili, kuunyoosha mguu mbele na hatimaye kukigusisha kichwa kwenye goti. Sehemu ya kwanza pekee, yaani kusimama imara kwa mguu mmoja huku umeushika mwingine, ni kazi ya kutosha kwa anayeanza kwa miezi kadhaa. Walimu husisitiza goti la mguu uliosimama likazwe, na hapa naomba msomaji awe makini sana: kulikaza kunamaanisha kuivuta juu misuli ya mbele ya paja, wala si kulisukuma goti nyuma kupita mahali pake. Mwalimu mzuri hueleza tofauti hiyo kila mara. Asiyeieleza huwaweka wanafunzi wake katika hatari ya maumivu ambayo hayataonekana siku hiyohiyo.

Mikao ya kusimama inapokwisha, darasa hushuka chini. Wanafunzi hulala chali, mikono kando na macho wazi, bila kufanya lolote kwa dakika chache, katika mkao unaoitwa wa maiti. Wapo wanaouona kama muda wa kupoteza. Mimi nauhesabu kuwa miongoni mwa vitu bora ambavyo huduma hii inatoa, kwa sababu mapigo ya moyo yaliyokuwa yakienda mbio hushuka huku mtu akiyasikiliza, na hilo ni somo ambalo watu wengi wenye msongo wa mawazo hawajawahi kulipata: kwamba mwili uliopanda unaweza kuteremka wenyewe, bila kidonge wala simu mkononi. Nusu ya pili hurudi kwenye mapumziko haya mafupi baada ya kila mkao. Mkao wa swila na wa nzige huimarisha misuli ya mgongo ambayo kukaa kitini mchana kutwa huilegeza, na mkao wa ngamia, ambamo mtu hupiga magoti na kujipinda nyuma hadi mikono ifike visigino, huufungua mbele mwili wote. Mkao huu wa ngamia huwafanya wengine wapate kichefuchefu au hata walengwe na machozi. Ni jambo la kawaida, hupita haraka, na mkao wa sungura unaofuata, wa kujikunja mbele, huurudisha mgongo upande wa pili.

Sasa nigeukie manufaa, na hapa nitasema yale ninayoweza kuyasimamia. Unyumbufu wa viungo, uthabiti wa kusimama na nguvu za misuli huongezeka. Anayehudhuria kwa utaratibu huliona hilo katika kuinama, kupanda ngazi na kubeba mizigo. Usingizi wa usiku baada ya kikao cha alasiri, kwangu, umekuwa mzito na wa mfululizo. Kuhusu afya ya akili upo utafiti unaostahili kutajwa: watafiti wa Massachusetts General Hospital nchini Marekani, katika ripoti yao ya mwaka 2023, waliwafuatilia watu wazima wenye sonona ya wastani hadi kali. Kundi moja liliandikishwa kuhudhuria yoga ya joto ya dakika 90 kwa wiki 8, na lingine likawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Katika kundi la yoga, karibu asilimia 60 walipata nafuu ya nusu au zaidi ya dalili zao, ikilinganishwa na takriban asilimia 6 ya waliokuwa wakisubiri. Washiriki walitakiwa kuhudhuria angalau mara mbili kwa wiki, lakini kwa wastani walihudhuria vikao vipatavyo 10 tu katika muda wote huo, na hata waliofika mara moja kwa wiki walionyesha unafuu. Hizi ni habari njema kwa mtu asiyeweza kufika studio kila siku. Hata hivyo utafiti huo ulilinganisha kufanya na kutofanya. Haukulinganisha chumba chenye joto na chumba baridi, kwa hiyo hauwezi kutumika kuthibitisha kwamba joto ndilo lililoleta nafuu. Na mwenye sonona asiache matibabu yake kwa sababu ya darasa lolote.

Utafiti uliolinganisha vyumba viwili upo pia, ingawa ulihusu mishipa ya damu. Mwaka 2018 watafiti wa Texas State University walichapisha matokeo ya wiki 12 ya watu wa umri wa miaka 40 hadi 60 wasiokuwa na desturi ya mazoezi. Waliofanya mfuatano huu katika chumba chenye joto na waliofanya mfuatano uleule katika chumba cha kawaida, wote waliboresha uwezo wa mishipa yao ya damu kutanuka. Joto halikuwa sharti la faida hiyo. Studio nyingi hazipendi kuutaja utafiti huu, nami nauona kuwa habari nzuri kwa kila anayeanza, maana asiyeweza kuvumilia joto hapotezi kiini cha yoga.

Madai mawili ya matangazo yanahitaji kukanushwa waziwazi. La kwanza ni kwamba jasho husafisha sumu mwilini. Jasho karibu lote ni maji na chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili. Kazi ya kusafisha damu hufanywa na ini na figo, na mtu aliyekaukiwa maji huzibebesha figo mzigo wa ziada. La pili ni kupungua uzito. Uzito unaopungua baada ya kikao ni maji, nayo hurudi mtu anapokunywa. Nguvu inayotumika ni ya wastani: vipimo vilivyofanyika Colorado State University vilionyesha kwamba katika dakika 90 wanaume walitumia takriban kalori 460 na wanawake takriban 330, kiasi kinachokaribiana na kutembea kwa haraka. Anayekuja kutafuta kupungua peke yake atavunjika moyo, na ataondoka bila kuyaona mema mengine yaliyokuwa mbele yake.

Hatari nazo ni za kweli. Shirika la American Council on Exercise, mwaka 2015, lilidhamini vipimo vya joto la ndani ya mwili kwa watu 20 wenye afya waliokuwa katika darasa kamili la dakika 90. Joto la wengi wao lilipita nyuzi 38, na la mshiriki mmoja likavuka nyuzi 40, kiwango ambacho kiharusi cha joto, yaani hali ya hatari ya mwili kushindwa kujipoza, huweza kuanzia. Wote walikuwa watu waliozoea darasa hilo. Mjamzito asiingie kabisa. Madaktari wa uzazi hushauri hivyo kwa sababu mwili kupata joto kupita kiasi, hasa katika miezi ya mwanzo, kunaweza kumdhuru mtoto. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, aliyewahi kupatwa na kiharusi cha joto, na anayetumia dawa za kuongeza mkojo au za kupunguza mapigo ya moyo aonane na daktari wake kwanza. Maumivu makali ya kichwa, kuchanganyikiwa, baridi ya ghafla ndani ya joto au kutapika ni dalili za kutoka nje mara moja. Ipo pia hatari isiyopiga kelele: misuli iliyopashwa joto hukubali kuvutwa kuliko kawaida, na mgeni hujiona ameshakuwa mnyumbufu, kumbe amevuka kipimo cha kano zake. Kanuni ninayoifuata ni kutofika mwisho wa uwezo wangu katika mkao wowote, kubakiza kidogo.

Hapa ndipo studio zinapotofautiana, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mikao. Niliwahi kuwa katika darasa ambalo mwalimu aliwataka wote wabaki ndani hadi mwisho na akamwita kwa sauti aliyekuwa akielekea mlangoni. Huo si ukali wa kufundisha. Ni kutojua mwili wa binadamu. Kukaa chini ni sehemu ya zoezi, na mwalimu anayefaa huwaambia wageni kabla ya kuanza kwamba lengo la siku yao ya kwanza ni kubaki wametulia, hata wakifanya mikao michache tu, na kwamba mlango uko wazi. Katika studio bora niliyoifahamu mwalimu huuliza kila mgeni kuhusu maradhi na dawa, humweka mahali pasipo chini ya kipasha joto, na humkumbusha kupumua kwa pua pale anapoona kifua chake kinahema. Usafi nao usisahaulike, kwani jasho la watu wengi humwagika sakafuni: studio inayofanya kazi yake hupiga deki baada ya kila kikao na kuruhusu hewa ibadilike, na zulia lenye harufu ni sababu tosha ya kugeuza na kuondoka.

Maandalizi hayahitaji gharama kubwa. Nguo nyepesi zinazobana kiasi, taulo kubwa la kutandaza juu ya mkeka ili mtu asiteleze, na chupa ya maji vinatosha. Chakula kizito kiliwe saa mbili au tatu kabla, na maji yanywewe tangu asubuhi kwa vipindi, badala ya kunywewa kwa mkupuo mlangoni. Ndani ya darasa, mafunda madogo yanatosha. Baada yake, aliyetoka jasho jingi anahitaji chumvi pamoja na maji. Kunywa maji matupu kwa wingi kupita kiasi hushusha kiwango cha sodiamu katika damu, nako kuna hatari yake.

Anayeuona mtindo wa nyuzi joto 40 kuwa mzito mno asidhani kwamba mlango umefungwa. Studio nyingi hutoa pia madarasa ya dakika 60, na mengine ya mtindo wa vinyasa ambamo chumba hupashwa hadi nyuzi 30 na kitu tu, na mikao huunganishwa kwa mwendo wa pumzi. Kama ningeulizwa na ndugu yangu aanzie wapi, ningemwambia achukue darasa fupi la joto la wastani, mara mbili kwa wiki, akae mstari wa nyuma karibu na mlango, na asilipie kadi ya vikao vingi hadi amemsikia mwalimu akimruhusu mtu kupumzika.